Uliposema "naishikilia": jibu kwa fundi wa milango wa Lamu

Swali:

"Asalaam aleikum wakili. Mimi ni fundi wa milango ya nakshi hapa Langoni, Lamu. Hoteli moja ya Bujumbura iliniulizia milango minne ya mbambakofi. Tarehe 3 niliwatumia bei kwa WhatsApp nikaandika: 'Bei hii naishikilia hadi tarehe 30.' Katikati hapo mwenye mbao akanipandishia, nami tarehe 12 nikawaandikia kwamba ile bei haipo tena, nikawapa nyingine. Wakasoma, wakanyamaza. Tarehe 20 wakajibu: 'Tumekubali bei ya kwanza.' Wanasema hata kuta wameshazijenga kwa vipimo vyangu. Wakili wao anasema nimefungwa na neno langu. Mpwa wangu anayesomea sheria Nairobi anasema sijafungwa na chochote, kwa kuwa hawakunipa hata arbuni. Nani mkweli? Na ikiwa sisi na Burundi tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, kwa nini sheria isiwe moja, na itakuwa moja lini?"

Jibu:

Waalaikumu salaam, fundi.

Mpwa wako na wakili wa hoteli wamesema kweli wote wawili, kila mmoja kwa sheria ya kwao. Najua silo jibu ulilolitaka. Ungependa mmoja awe mwongo ili ujue wa kumkasirikia. Lakini swali lako la pili limejificha ndani ya la kwanza, kwa hiyo tuanze na milango.

Sheria ya mikataba ya Kenya, Sura ya 23, ni fupi ajabu. Haikuelezi mkataba unafungwaje. Inasema tu kwamba mikataba yetu itafuata sheria ya Uingereza iliyojengwa na majaji wao. Ukitaka kujua kama umefungwa, unatafuta kesi. Na kesi yako ipo, ina umri wa karibu miaka 150. Jumatano moja ya Juni 1874, kaskazini mwa Uingereza, bwana aitwaye Dodds alimwandikia Dickinson kwamba atamuuzia nyumba kwa pauni 800, na kwamba ofa itabaki wazi hadi Ijumaa saa tatu asubuhi. Alhamisi akamuuzia mtu mwingine. Dickinson alikwisha kulisikia pembeni, akakimbilia kukubali kabla saa ile haijafika. Mwaka 1876 Mahakama ya Rufaa ikamwambia: hukutoa chochote ili ofa ile ishikiliwe, basi mwenyewe alikuwa huru kuigeuza kabla hujaikubali.

Hapo ndipo aliposimama mpwa wako, na kwenye mtihani angepewa alama zote. Kwetu ahadi ya kushikilia bei ni maneno matupu mpaka mwenzako aweke kitu mezani, hata kiwe shilingi mia. Kitu hicho nitakiita badala. Ujumbe wako wa tarehe 12 uliwafikia, tiki mbili za buluu zipo, basi ile ofa ya kwanza iliondoka siku hiyo. Tarehe 20 walikuwa wanakubali kitu ambacho hakipo. Habari ya kuta inaweza kumfanya jaji wetu akune kichwa kidogo, kwa sababu majaji wa Kiingereza wana kanuni ya kumzuia mtu asikane ahadi iliyomfanya mwenzake ajigharimu. Lakini kwa desturi kanuni hiyo humkinga anayeshtakiwa. Haimpi mtu mkataba mpya wa kudai milango.

Sasa twende Bujumbura. Kitabu chao cha mikataba kina mizizi katika amri ya 1888 iliyoandikwa kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, nayo ilichota kwa Napoleon wa Ufaransa, kile kitabu chake cha sheria cha 1804. Wabelgiji walipokabidhiwa Ruanda-Urundi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakakileta na huko. Katika mkondo huo hakuna habari ya badala. Mtu mwenye akili timamu akiahidi kwa hiari yake, kuhusu jambo halali linaloeleweka, ahadi yatosha. Na wasomi wa Ubelgiji wanashikilia kwamba anayeweka tarehe kwenye ofa yake amejifunga mwenyewe hadi tarehe hiyo. Wajerumani waliliandika wazi katika kitabu chao kilichoanza kazi mwaka 1900. Waethiopia nao wameliandika katika kitabu chao cha 1960, ambacho Mfaransa René David alimtungia Mfalme Haile Selassie. Kwa hiyo hata siku ile bandari yenu mpya itakapokuletea mteja wa Addis Ababa, utakutana na kanuni hiyohiyo.

Niuite mkondo huo "upande wa kitabu", na wetu "upande wa kesi". Wasomi wana majina marefu zaidi. Haya yatatutosha, ilmuradi masheikh wa Lamu wasiniulize tangu lini Watu wa Kitabu wakawa Wabelgiji.

Tofauti yenyewe niliiona kwa macho Arusha, miaka kadhaa nyuma, nilipokaa meza moja na wakili wa Bujumbura tukiandika mkataba wa kahawa. Yeye begini alikuwa na kitabu kimoja chekundu, kinene, kurasa zimelainika kwa kufunguliwa. Mimi nilikuja na bahasha ya kesi zilizochapishwa, nimezipigia mistari ya njano. Mchana kutwa hatukugombana juu ya bei wala magunia. Tuligombania sentensi moja: "Pande zote mbili zitatenda kwa nia njema." Yeye aliiona haina haja ya kuandikwa, kwani nia njema imo ndani ya kila mkataba na kitabu kimeshasema. Mimi niliiona ya hatari: nikiiandika, jaji wa Kenya ataniuliza maana yake hasa nini na inapimwa kwa kipimo gani. Maneno yalikuwa mbele yetu, sote tunayaelewa. Tungeweza kulala pale wiki nzima tukiyapanga upya na tusifike, maana ugomvi haukuwa kwenye karatasi. Ulikuwa juu ya nani ajaze lile ambalo halikuandikwa. Yeye alimwachia mtunga sheria. Mimi ingebidi nimwachie jaji, na kwa kuwa sijui jaji atakuwa nani, naandika kila kitu. Rasimu yake ilikuwa kurasa 4. Yangu 31.

Ufa huu watu walishajaribu kuuziba, tena mahali palepale ulipoangukia wewe. Tarehe 11 Aprili 1980, mjini Vienna, ulipitishwa mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauzo ya bidhaa kati ya wafanyabiashara wa nchi tofauti. Ulianza kazi 1988 na leo una nchi zaidi ya 90. Burundi imo, Uganda imo. Kenya haimo, na Uingereza iliyotuzaa kisheria nayo haimo. Kifungu cha 16 kinaanza kwa kuufurahisha upande wa kesi: ofa yaweza kurudishwa kabla mwenzako hajatuma jibu la kuikubali. Kisha kinaugeukia upande wa kitabu: lakini haiwezi kurudishwa iwapo inaonyesha, kwa kuweka muda maalumu wa kuikubali au kwa namna nyingine, kwamba haigeuki. Kila mjumbe akapanda ndege akijua ameshinda.

Hebu irudie polepole hiyo "kwa kuweka muda maalumu". Je, tarehe peke yake yatosha kuifunga ofa? Msomaji wa Brussels atasema ndiyo, tarehe ni ya nini tena? Msomaji wa London atasema la: tarehe huenda inamaanisha kwamba baada ya hapo ofa imekwisha, wala haisemi kwamba kabla ya hapo haiguswi. Ubishi huo haujaisha hadi leo. Waandishi wenyewe waliuona ukija, ndiyo maana kifungu cha 7 kinamwagiza msomaji akumbuke kwamba mkataba huu ni wa mataifa na unatakiwa kusomwa namna moja kila mahali. Agizo zuri. Ila jaji aliyelelewa kwa kesi tangu chuoni hayavui macho yake mlangoni kama viatu.

Kwako wewe kuna jambo baya zaidi. Ungeandika "bei ni hadi tarehe 30", ningepata la kukutetea. Wewe uliandika "naishikilia". Mbele ya kifungu cha 16, neno hilo hata msomaji wa London angekupa pole. Tena kifungu hichohicho kinaongeza kwamba ofa haigeuki ikiwa mwenzako alikuwa na sababu ya kuitegemea na akatenda kwa kuitegemea, na hapo ndipo zinapoingia zile kuta. Kinachokuokoa ni kwamba Kenya haimo. Mkataba wa Vienna utakushika tu ikiwa mahakama itaona sheria inayotawala biashara yenu ni ya Burundi, na hilo linaweza kutokea zaidi Bujumbura kuliko Lamu.

Nikiwa bado Vienna, nikutajie kifungu ninachokipenda kuliko vyote, cha 28. Upande wa kitabu, mnunuzi ana haki ya kumwomba jaji amlazimishe muuzaji alete kitu chenyewe. Upande wa kesi, jaji kwa kawaida humpa fidia ya pesa na kumwambia akanunue kwingine. Wajumbe hawakuafikiana. Badala ya kufunika jambo kwa maneno ya kuteleza, waliandika kwamba mahakama hailazimiki kutoa amri ya namna hiyo ikiwa kwa sheria yake yenyewe isingeitoa. Yaani wamekubaliana waziwazi kwamba hapo hawakukubaliana. Kifungu cha 16 kina sura ya umoja na kinazaa kesi. Hiki cha 28 hakijifanyi, na mfanyabiashara akikisoma anajua amesimama wapi.

Sasa Jumuiya. Mkataba wetu wa 1999, kifungu cha 126, unazitaka nchi wanachama zioanishe mafunzo ya wanasheria na sheria zenyewe. Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2009 imelirudia katika kifungu cha 47. Na usidhani hakuna kilichofanyika. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya, ya 2004, ni moja: kifungu anachokitumia afisa wa forodha bandarini Lamu ndicho anachokitumia mwenzake wa Bujumbura. Ilifaulu kwa sababu forodha ni fomu, viwango, maghala na tarehe, na wanaoitumia kila siku ni maafisa wanaofunzwa jambo lilelile. Jaji hufikiwa mara chache. Mikataba haiko hivyo. Inaishi kwenye midomo ya watu kama wewe na mwenye hoteli, na ikifika kwa jaji inafika imeshavunjika.

Halafu kuna Kongo, ile ya Kinshasa, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022. Tangu 2012 Kongo imo pia katika OHADA, umoja wa nchi 17, nyingi za Kifaransa, zenye sheria moja ya biashara inayozishinda sheria za nchi, na mahakama ya juu yake iko Abidjan. Jumuiya ikitunga kesho sheria yake ya mauzo, jaji wa Goma atamsikiliza nani, Arusha au Abidjan? Sijaona anayelijibu swali hili bila kukohoa kwanza.

OHADA yenyewe ina somo chungu. Kamerun imo, na Kamerun ina majimbo mawili yaliyorithi sheria ya Kiingereza. Sheria za pamoja zilikuja kwa Kifaransa, na kwa miaka mingi wakili wa Bamenda, mji wa majimbo hayo, alitakiwa azitumie bila tafsiri rasmi, mara nyingine mbele ya jaji aliyefunzwa upande wa kitabu. Mwaka 2016 mawakili wa huko waligoma na kuingia barabarani, na hilo lilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Yaliyofuata, hadi vita, ni makubwa kuliko sheria ya biashara. Ila mimi nikisikia mtu akisema "tutunge sheria moja, tafsiri itafuata", huwafikiria wale mawakili.

Waliofanya kwa subira ni Wakanada. Quebec ni ya kitabu, majimbo mengine ni ya kesi, na bunge la nchi linatunga sheria kwa wote. Hawakujaribu kumgeuza yeyote. Mwaka 2001 walipitisha sheria ya kuanza kupitia sheria zao za zamani moja moja, wakiweka istilahi za pande zote mbili ubavuni kwa ubavu, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, ili kila jaji akute neno la nyumbani kwake. Kazi ya kuchosha, haina sherehe za kutia saini, na ndiyo ningetaka Jumuiya iige.

Mpwa wako ametaja arbuni, na hapo nimecheka peke yangu. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na mafaqihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu pwani nzima, hawaikubali arbuni ya kupotea, ile ambayo mnunuzi akighairi muuzaji anaimeza. Wahanbali ndio wanaoiruhusu. Lakini pita duka lolote la Lamu uone kama kuna asiyeichukua! Kwa hiyo kijana anatetea kanuni ya majaji wa London kwa neno la Kiarabu ambalo madhehebu yake mwenyewe yanalikataa, na wateja wote wanamwelewa. Sisi tumeishi na sheria zaidi ya moja kabla ya Jumuiya kuzaliwa. Hadi leo rufaa ya kadhi ikifika Mahakama Kuu, sheria inataka Kadhi Mkuu au makadhi wawili wakae na jaji kumshauri. Hakuna aliyeandika upya Kurani wala kesi za Kiingereza. Wamewekwa benchi moja watu wanaojua kusoma vyote viwili.

Umeuliza lini. Sheria moja ya mikataba kutoka Lamu hadi Kinshasa siitarajii nikiwa bado navaa joho, na wala sioni kama ndiyo tunayoihitaji. Yapo mambo mawili madogo yanayoweza kufanyika bila kugusa kitabu cha mtu. La kwanza, Kenya ijiunge na Vienna, pamoja na ile kasoro ya kifungu cha 16. Ubishi juu ya sentensi moja ni nafuu kuliko ubishi juu ya sheria mbili nzima. La pili ni hukumu. Tuna sheria, Sura ya 43, yenye orodha ya nchi ambazo hukumu zao zinasajiliwa Kenya na kutekelezwa kama zetu: Uingereza, Australia, Malawi, Seychelles, Tanzania, Uganda, Zambia, Rwanda. Burundi haimo. Mtu atasema ni kwa sababu ya ule mkondo wao wa kitabu. Mbona Seychelles, hapo mbele yenu baharini, sheria yao ya madai ina asili ya Ufaransa na imo?

Hilo la orodha linakuhusu leo. Hoteli ikishinda Bujumbura haiwezi kuja tu na karatasi kuisajili. Itabidi ifungue kesi mpya hapa kwa kuitegemea hukumu ile, na mahakama yetu itauliza kwanza kama mahakama ya kule ilikuwa na mamlaka juu yako. Ukipokea wito kutoka huko usiutupe, wala usijibu mwenyewe kwa WhatsApp ukianza kujitetea juu ya bei na mbao. Kwa kujitetea hivyo unaweza kuhesabiwa umekubali kuhukumiwa huko. Uniletee kwanza.

Kwa ofa zijazo za kuvuka mpaka, weka maneno haya chini ya bei, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa: "Bei hii si ahadi ya kuishikilia. Inaweza kubadilika wakati wowote kabla ya kupokea arbuni. Mkataba utatawaliwa na sheria ya Kenya. Mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi mmoja, Mombasa." Msuluhishi namaanisha yule mnayemchagua wenyewe, ambaye uamuzi wake unawafunga. Sababu ya kumtaka ni mkataba wa New York wa 1958, ambao Kenya ilijiunga nao 1989 na Burundi 2014: uamuzi wake unatambuliwa kote kuwili, jambo ambalo hukumu ya jaji wetu haina uhakika wa kulipata kule. Kwa kazi ya milango minne gharama ya msuluhishi yaweza kukuuma, hilo nakubali. Kwa oda ya hoteli nzima hailingani na kuandamana na kesi Bujumbura.

Na hii milango minne? Kwa sheria ya Kenya una nguvu, lakini ukuta uliojengwa kwa vipimo vyako haufai kwa mlango wa fundi mwingine, kwa hiyo nao wana haja nawe kuliko wanavyoonyesha. Ningewaandikia kwamba hukubali kuwa umefungwa, ila uko tayari kugawana nao lile ongezeko la mbao nusu kwa nusu wakilipa arbuni ndani ya siku saba. Kabla hujatuma, nipe jibu la jambo moja: ile mbambakofi umeshainunua, au bado iko kwa mwenye mbao?